Irène, Mwenye Kuujua Moto Mtamu

Wamemwandika! Karatasi imetoka jana saa nne asubuhi, ina mihuri miwili, na jina limepigwa kwa mashine, si kwa kalamu ambayo mvua inaweza kuifuta: Irène, Mpishi Mkuu wa Internati ya Umuco, Kibenga. Mpishi Mkuu! Si manevre tena. Niliisoma mara tatu, kisha nikampa jirani aisome mara ya nne, maana miwani yangu imezeeka na sikutaka initie aibu.

Sasa nisalimie. Wazazi, walimu, wanafunzi, wafanyakazi wote wa internati, shule hii ya bweni, na nyinyi mliokula kwetu mpaka mkaota ndevu, amani iwe kwenu. Jina langu ni Béatrice, mkaaji wa Cibitoke, mama mzazi wa Irène. Wanaotengeneza kijitabu hiki cha sherehe walitafuta mwenzake wa kazi wa siku nyingi aandike wasifu wake, wakakuta aliyekuwa naye jikoni tangu siku ya kwanza ni mimi, kwa maana nilimenya viazi na kusugua sufuria katika jiko lile lile miaka kumi na tisa. Walitaka Jovithe wa stoo anisaidie kwa herufi. Nilikataa. Shule niliishia mwaka wa nne, kule Uvira, lakini mtoto niliyemzaa mwenyewe nitashindwaje kumwandika?

Irène aliingia kazini Jumatatu tarehe 5 Septemba 1988, akiwa na umri wa miaka ishirini na miwili. Anastaafu Jumanne tarehe 30 Juni 2026. Watu wa ofisi wamehesabu miaka thelathini na saba na miezi karibu kumi. Mimi nimeandika thelathini na minane. Hiyo miezi inayopungua aliimaliza zamani, kwa sababu hakuna siku aliyofika saa kumi na mbili kamili. Alifika kabla, na jua lilimkuta maji yako motoni.

Ni lazima mjue kwanza neno manevre, ndipo mtaelewa kwa nini leo ninaandika huku ninacheka peke yangu. Manevre ni mtu wa kazi za mikono: anabeba, anafagia, anamwaga. Ndivyo alivyoandikwa Irène siku ya kwanza, na ni haki, siku ile alikuwa anabeba maji. Lakini mwaka wa tano alikuwa anapika. Mwaka wa kumi alikuwa anawafundisha wengine kupika. Mwaka wa ishirini watoto mia nne walikuwa wanakula kutoka mkononi mwake asubuhi, mchana na jioni, na fishi yake, karatasi yake ya kazi kule ofisini, bado inasema manevre. Kila direkteri mpya alimwendea, na kila direkteri alimuuliza, “Irène, diplomi iko wapi?” Diplomi haikuwepo. Basi anarudi jikoni, anafunga kitambaa kichwani, anafunua sufuria. Nyumbani alikuwa hasemi kitu. Mama anajua lakini. Mtoto akisaga mihogo kwa nguvu kuliko mihogo inavyotaka, mama anajua.

Sasa nieleze alivyofika huko, na nianze na kosa, maana kosa lenyewe lilitoka kwangu.

Mpishi wa wakati ule alikuwa na daftari la mapishi, yote kwa Kifaransa. Wiki ya pili ya kazi, mpishi huyo yuko mgonjwa, Irène anaambiwa aangalie maharagi. Anafungua daftari, anakuta wameandika maharagi yapikwe à feu doux. Irène Kifaransa alikijua cha shule. Feu ni moto. Doux, alilijua neno hilo kwa bonboni na kwa chai: tamu. Akanifuata kwenye karai la viazi.

“Mama, wanasema moto mtamu. Moto unatiwa utamu namna gani?”

Mimi mama, mwenye kujua yote, sikutaka mtoto anione sijui. Nikamwambia, “Si utie sukari.”

Akatia. Kilo mbili kwa sufuria mbili. Watoto mia mbili wakala maharagi matamu kama uji wa Krismasi, na kesho yake wako walioomba tena. Mpishi alipopona akacheka mpaka akashika ukuta. Akatueleza kwamba doux kwa moto ni moto mpole, moto mdogo. Lakini neno lilikuwa limeshatoka mdomoni, halikurudi. Mpaka leo katika jiko la Umuco hakuna anayesema moto mdogo. Wanasema “tia moto mtamu”, na mgeni akisikia anatafuta kopo la sukari.

Mwingine angeona haya wiki moja, kisha angesahau. Irène wangu si hivyo. Aliniambia wakati tunarudi Cibitoke, “Mama, daftari limenidanganya, na we umenidanganya. Sasa mi nitamuuliza moto mwenyewe.”

Na alimuuliza. Wakati ule tulikuwa tunapika kwa makala, makaa ya miti, kwa mbabula, majiko sita makubwa ya chuma. Makala hayana namba. Huwezi kuyaambia panda mpaka nne, shuka mpaka mbili. Basi Irène akatafuta namba zake kwa mkono na kwa Baba Yetu. Anatandaza kiganja shubiri moja juu ya makala, anaanza kusali polepole kama watu wa misa ya kwanza. Kiganja kikiwaka mwanzoni kabisa, kabla jina halijatukuzwa, huo ni moto mkali: wa kuchemsha maji, wa kukaanga samaki wadogo wa ndagala. Kikivumilia mpaka kwenye ufalme, ni moto wa kati, wa kukaanga kitunguu bila kukiunguza. Kikifika kwenye mkate wa kila siku, huo ndio moto mtamu, wa maharagi na sombe, yale majani ya mihogo. Na ukiweza kufika amina bila kutoa mkono, moto huo haupiki kitu, unalinda tu chakula kisipoe.

Mapadri wawili walipita jikoni wakati mmoja, wakamkuta Irène amenyoosha mkono juu ya makala, amefumba macho, midomo inacheza. Wakavua kofia. Walifikiri ni ibada! Jovithe akawanong’oneza, “Apana, mapadri, anapima ya sombe.” Mmoja wao alirudi wiki ile ile na mpishi wa parokia ili afundishwe.

Halafu ikaja miaka ile mibaya ya vita. Sitaiandika yote, waliokuwepo wanaijua, na ambao hawakuwepo Mungu awahifadhi. Ninasema habari ya makala tu. Makala hayakushuka tena kutoka milimani, na gunia moja lilitafutwa kama dawa. Maharagi yanataka saa tatu za moto. Sisi tulikuwa na moto wa saa moja kwa siku, na watoto hawakuwa na pengine pa kwenda. Wengine likizo ilifika na hakuna aliyekuja kuwachukua.

Ndipo Irène akafikiri hivi: moto kazi yake ni kuleta joto. Joto likishaingia katika sufuria, kwa nini tunaliacha litoke? Akaomba masanduku ya mbao yaliyokuja na vitabu. Akajaza pumba za mpunga kutoka bonde la Imbo, pumba tupu ambazo watu wanazitupa. Maharagi yamelala majini tangu jana yake, anayachemsha kwa nguvu nusu saa, anafunika vizuri, anaitumbukiza sufuria ndani ya pumba, anaifunika na blanketi mbili, anafunga sanduku. Saa nane mchana anafungua: maharagi yameiva, laini, mvuke unapanda usoni, na hakuna aliyechochea kitu tangu asubuhi.

Ila blanketi alizitoa bweni bila kumwambia mtu. Direkteri wa wakati ule akahesabu vitanda, akakuta blanketi kumi hazipo. Akashuka jikoni amekasirika.

“Irène! Blanketi za watoto ziko wapi?”

“Ziko kazini, Mesye.”

“Kazi gani?”

Akamfungulia sanduku. Direkteri akaona sufuria imelala, imefunikwa mpaka shingoni kama mgonjwa. “Hata maharagi nayo yanalala?”

“Yanalala, Mesye. Lakini yenyewe yanaamka yameiva.”

Mtu alicheka jikoni siku ile, na ilikuwa miezi tangu tusikie kicheko. Siku hiyo direkteri aliagiza blanketi zingine zishonwe kwa magunia, za maharagi peke yake. Miaka miwili ile hakuna mtoto wa Umuco aliyelala na njaa kwa sababu ya kukosa makala. Nimesema hakuna. Anayebisha anakuja kwangu Cibitoke, nyumba ya tatu baada ya fundi wa baiskeli.

Na baada ya yote hayo, manevre.

Sasa nifike kwenye habari yenyewe. Oktoba ya mwaka jana alikuja direkteri mpya, Mesye Pierre, mtu mrefu, mpole, aliyefundisha fizikia miaka mingi kabla ya kupewa internati. Aliona makala yanapanda bei na moshi unawaumiza wapishi macho, akaleta jiko kubwa la umeme, plake nane nyeusi za chuma, kila moja na butoni yake kutoka sifuri mpaka sita. Pamoja na jiko akaja kijana, Landry, mwenye diplomi ya shule ya hoteli, safi, amevaa koti jeupe lenye safu mbili za vifungo. Mesye Pierre akasema cheo cha Mpishi Mkuu, ambacho kilikuwa wazi tangu mpishi yule wa daftari aondoke, sasa kitajazwa. Kutakuwa na mtihani, na diplomi haitaulizwa mlangoni. Atakayeshinda ndiye atakayeandikwa.

Waliojiandikisha ni wawili: Landry na Irène.

Watu walimshangaa. Jovithe, ambaye ni rafiki yake wa miaka mingi na ana haki ya kumchokoza, alimwambia mbele ya wote, “We Irène, umebakiza miezi saba! Cheo cha miezi saba cha kazi gani? Wachia mutoto.”

Irène alikuwa anachambua mchele. Hakuinua macho. “Jovithe, mutu akibakiza hata siku moja ya kukaa kwa nyumba aliyojenga, anataka jina lake liwe kwa mlango.”

Hapo ndipo nilipojua. Miaka thelathini na saba mtoto wangu alikuwa hataki kitu kingine. Hakutaka zawadi, hakutaka hotuba. Alitaka asiondoke ni manevre.

Lakini lile jiko jipya lilimtesa. Makala ukiyatoa, moto umetoka. Plake ukiizima, inanyamaza tu, inaendelea kuchoma. Wiki ya kwanza Jovithe aliweka beseni lake la plastiki la bluu juu ya plake iliyozimwa. Alipogeuka beseni lilikuwa limekaa chini kama mtu aliyechoka, linatoa moshi. Akalia, “Nimekosa nini? Si iko kwa sifuri!” Landry akacheka. Irène hakucheka. Alivuta kiti, akakaa mbele ya plake na kikombe cha maji, akawa anadondosha tone moja moja na kusikiliza. Tone likiruka na kukimbia kama mende, plake ni kali. Likilia “shii” na kufa hapo hapo, ni ya kati. Likikaa na kutokota bila haraka, ni tamu. Alipima butoni zote, zikipanda na zikishuka, siku kumi na moja. Akagundua plake ile inahitaji Baba Yetu kumi na mbili kushuka kutoka sita mpaka moto mtamu. Niliziandika mimi, namba hizo, nyuma ya kalenda ya parokia.

Mtihani ulifanyika Alhamisi tarehe 22 Januari, katika ukumbi wa kulia. Mimi nilikuwepo. Walisema wageni hawaruhusiwi, nikawaambia mimi si mgeni, zile dirisha nimezisugua miaka kumi na tisa. Waamuzi walikuwa Mesye Pierre, mwalimu mmoja wa kike, na Mama Thuwaiba, mfanyabiashara wa mchele, watu wake wako Bujumbura tangu zamani za babu, naye yuko katika kamati ya wazazi. Mama Thuwaiba ni mama mwenye heshima na ulimi wa pilipili.

Sehemu ya kwanza ilikuwa ya kuandika. Swali: eleza joto linavyosafiri kutoka motoni mpaka ndani ya chakula. Landry aliandika kurasa mbili, na maneno makubwa yote aliyaweka. Irène aliandika nusu ukurasa. Karatasi ile niliiomba, iko ndani ya Biblia yangu, na ninainakili hapa kama ilivyo:

“Joto linakwenda kwa njia tatu. Ya kwanza linagusa: plake inagusa sufuria, sufuria inagusa kijiko, kijiko kinanichoma mkono, ndiyo maana mwiko ni wa mti. Ya pili linazunguka: maji ya chini yanapata moto yanapanda, ya juu yanashuka kuchukua zamu yao, na maharagi ya juu yanaiva sawa na ya chini bila mtu kukoroga. Ya tatu linaangalia: makala hayajakugusa lakini uso wako unawaka, na mukeke wa ziwani ukiuweka juu ya waya unaiva kwa kuangaliwa tu. Mpishi anachagua njia. Ukitaka mchuzi usishike chini, usiache joto liguse tu, lipe maji ya kuzungukia.”

Mesye Pierre aliisoma akasimama, akaisoma tena akiwa amesimama. Baadaye alisema alifundisha somo hilo miaka kumi na sita na hakuna mwanafunzi aliyemwandikia hivyo.

Sehemu ya pili, kupika. Kila mmoja plake tatu, maharagi yaliyolowekwa, mchele, na ndagala. Muda wao, saa mbili na nusu. Landry akaweka maharagi yake kwa sita, akayaacha pale. Maji yanaruka, kifuniko kinacheza ngoma, jamani, ilikuwa sufuria yenye furaha! Irène naye akaanza na sita, lakini yalipochemka tu akashusha mpaka mbili. Sufuria yake ikatulia, ikawa inapumua kidogo kidogo.

Mama Thuwaiba akamsogelea. “Dada, mbona umepunguza? Mwenzako atakuacha nyuma. We hutaki yaive?”

“Yataiva, Mama. Maji yakishachemka yamefika mwisho wa uwezo wake. Ukiongeza moto hayawi moto zaidi, yanakimbia kuwa mvuke. Ni kupika hewa.”

Landry akasema kwa adabu, lakini alisema, “Samahani, Mama Irène. Sita ni sita. Moto mkubwa unapika haraka.”

Moyo wangu ulipiga kwa sita na mimi. Ndipo Mesye Pierre akanyanyuka, akaenda laboratwari, akarudi na kipimajoto kirefu cha kioo. Akakitia katika sufuria ya Landry, ile inayoruka. Akasoma kwa sauti: “Tisini na saba.” Akakifuta. Akakitia katika sufuria ya Irène, ile inayopumua. Akainama, akasogeza miwani.

“Tisini na saba.”

Mara ya pili akaangalia, hakuamini jicho lake, mwalimu mzima wa fizikia. “Tisini na saba! Zote mbili!” Akaanza kucheka, akampiga Landry begani. “Mimi najua jambo hili, nalifundisha! Hapa kwetu, juu kuliko usawa wa bahari, maji yanachemka kwa tisini na saba, na hapo yanabaki. Lakini nyumbani kwangu tunapika kwa sita kila siku!”

Mama Thuwaiba akauliza, “Na hiyo mbili umeijuaje, dada? Kwa kipimo gani?” Irène akamwonyesha kiganja na Baba Yetu, kufika kwenye mkate. Mama Thuwaiba akatikisa kichwa. “Haya. Na mimi Mwislamu nitapimaje? Nisome Fatiha?”

“Itafaa kabisa, Mama. Ila usiisome haraka kama watu wenye njaa.”

Mama Thuwaiba alicheka mpaka mtandio ukateleza.

Mwisho wake mnaweza kuubashiri. Maharagi ya Landry yalipasuka maganda, ya juu yamekuwa supu, na ya chini, maji yalipokimbia, yakashika. Wali wake alishusha butoni kutoka sita mpaka moja, akaamini butoni. Plake haikuamini. Ilibaki na moto wake wa zamani, ikachora duara nyeusi chini ya sufuria. Irène yeye aliinua sufuria ya wali akaiweka pembeni mpaka plake ishuke, ndipo akairudisha. Na dakika kumi kabla ya mwisho akazima zote, akakaa, akakunja mikono, anaacha joto lililobaki limalize kazi liliyoianza. Mtu mmoja nyuma akanong’ona, “Amekata tamaa.” Mimi nikageuka nikamwambia, “Ngoja uonje, we.”

Walionja. Alama tisini na nne kwa mia. Landry sitini na moja.

Nami nimsifu Landry, kwa kuwa mtoto yule amelelewa vizuri. Jioni ile ile alivua koti lake jeupe, akavuta kiti, akakaa karibu na Irène mbele ya plake. “Mama, nionyeshe tone la maji.” Tangu hapo amekuwa mkono wake wa kulia. Ni yeye aliyebandika vipande vya karatasi chini ya butoni zote nane: kwenye mbili ameandika MKATE, kwenye sita ameandika JINA. Tarehe 1 Julai ni yeye anayeshika jiko, kwa ombi la Irène mwenyewe.

Lakini kushinda mtihani si kuandikwa. Karatasi ilipaswa kupita ofisi kwa ofisi, na kila ofisi ina meza, na kila meza ina mtu aliyetoka kidogo. Februari ikapita. Machi, Aprili. Mei wakatuambia kuna sahihi moja imebaki. Irène akaanza kusema, “Mama, si neno, watu wameona.” Mimi nikasema ni neno. Kama Juni thelathini ingefika kabla ya karatasi, fishi ingefungwa na manevre ndani yake, na fishi ikishafungwa haifunguliwi. Mesye Pierre alikwenda Kigobe, kwenye ofisi hizo, kwa miguu mara nne, siku ambazo magari hayakuwa na mafuta. Mungu amzidishie magoti. Jana saa nne akasimama mlangoni pa jiko, ameshika bahasha, jasho linamtoka. Jovithe ananisimulia Irène alikuwa anakaanga kitunguu. Alisoma karatasi yote, akaikunja, akasema “asante, Mesye”, akarudi kwenye kitunguu. Mara ya kwanza katika miaka thelathini na minane, kitunguu kikaungua.

Irène, mwanangu, sasa ninakwambia wewe. Umelisha watoto ambao leo wanalisha watoto wao. Umefundisha wapishi kumi na wanne, na hakuna hata mmoja anayechezea butoni. Kwa niaba ya wote wa Umuco, wa jikoni na wa darasani, tunakushukuru kwa mikono miwili. Upumzike. Ulale mpaka jua likukute kitandani, hata kama itakushinda wiki ya kwanza. Mungu akupe miaka mingi, yenye afya, yenye wajukuu, yenye chakula kilichopikwa na mtu mwingine.

Na nyinyi wote, karatasi hiyo ya cheo sitaki isomwe ofisini mlango umefungwa. Itasomwa kwa sauti na Mesye Pierre, cheo chote, mbele ya watu, na Landry atamfunga Irène tabulie mpya, aproni ya mpishi, iliyoshonwa jina na cheo kifuani. Waliokula kwetu waje, na waliowahi kumwita manevre waje pia, wakae mbele kabisa, nimewawekea viti. Ukumbi wa kulia wa Internati ya Umuco, Kibenga, saa sita mchana. Sitaki kusikia sikujua. Ni Jumamosi, tarehe 4 Julai.